Saanane, Rubondo au Rusinga: ukiwa Mwanza, kisiwa gani kitakufundisha habari za Galápagos?

Kila mwaka nikishamaliza mada ya mageuko na kidato cha nne, mkono mmoja hunyooka nyuma ya darasa: "Mwalimu, hivyo visiwa vya Galápagos tutakwenda lini?" Wenzake hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu mtoto ameuliza jambo la maana. Amesoma habari za ndege waliobadilika midomo na kobe wakubwa kuliko meza yake, naye anataka kuona. Galápagos iko Bahari ya Pasifiki, karibu kilometa 1,000 magharibi mwa Ekuador, na sisi tuko Mwanza. Lakini dirisha la darasa langu linatazama ziwa, na ziwani kuna visiwa.

Nimeshapeleka wanafunzi, wanakwaya na ndugu zangu kwenye visiwa vitatu tofauti vya Ziwa Victoria: Saanane, Rubondo na Rusinga. Walimu wenzangu na wazazi huniuliza wachague kipi, maana pesa ya safari mbili kwa kawaida haipo. Hapa naviweka bega kwa bega, nikivipima kwa yale tunayojua kuhusu Galápagos.

Kipimo chenyewe

Galápagos ilizaliwa na volkano. Moto ulitoka chini ya sakafu ya bahari, ukajenga mlima juu ya mlima mpaka vilele vikachomoza majini vikiwa vitupu, bila jani wala mdudu. Kila kiumbe kilichokuja kuishi pale kililetwa na upepo, au na mbawa zake, au kilielea juu ya gogo. Kikishafika kilibaki peke yake vizazi kwa vizazi, kikala kilichopo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, baba wa nadharia ya mageuko, alipita huko mwaka 1835 na kukaa wiki 5 hivi, na aliyoyaona yalimfanya afikiri kwa miaka mingi.

Mambo mawili ya huko nayabeba kichwani kila ninapopanda boti. La kwanza ni finchi, ndege wadogo wala mbegu, wa kisiwa kidogo cha Daphne Major. Watafiti Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima mwaka 1973, ndege mmoja mmoja, mdomo kwa mdomo. Mwaka 1977 mvua ikakatika. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki kubwa zenye ganda gumu, na finchi wengi wenye midomo midogo wakafa njaa. Waliopona wengi walikuwa na midomo minene, na makinda yao yakarithi midomo hiyo. Yaani mageuko yalipimwa kwa milimita, mtu akiwa hai anatazama.

La pili ni mbuzi wa kisiwa cha Pinta. Mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi 3 pale, wapate nyama siku watakaporudi. Ilipofika miaka ya 1970 mbuzi walikuwa makumi ya maelfu na kisiwa kimelika mpaka udongo. Kobe wa Pinta akabaki mmoja tu, dume, aliyepewa jina la George Mpweke. Alikufa Juni 2012 bila kuacha mtoto.

Basi nikienda kisiwa chochote natafuta vitu vitatu: kutengwa, kiumbe kilichobadilika kwa sababu ya kutengwa huko, na mkono wa binadamu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo mwalimu akilificha atawapotosha watoto. Visiwa vya kwetu Mwanza si vya volkano. Yale mawe makubwa yaliyopandana, ambayo Mwanza inaitiwa Jiji la Miamba, ni granaiti ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2. Isitoshe, ziwa lenyewe liliwahi kukauka. Miaka kama 15,000 iliyopita bonde lote hili lilikuwa nchi kavu, na Saanane ilikuwa kilima ambacho mtu angekifikia kwa miguu kutoka Capri Point. Kwa hiyo usitegemee kukuta Saanane au Rubondo mnyama mpya wa nchi kavu asiyepatikana penginepo. Muda haukutosha, na bara liko karibu mno.

Kwa samaki, hesabu ni nyingine kabisa. Nitaifikia.

Saanane: kisiwa cha siku moja

Boti za Saanane zinaondokea Capri Point, na kabla hujamaliza kufunga vizuri jaketi la kuokolea umefika. Hifadhi nzima, pamoja na maji yake na visiwa vidogo vya pembeni, ni kilometa za mraba 2.18, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, na hapo ndipo wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo walipopumzishwa njiani. Kilikuja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013.

Watoto wakishuka huuliza simba. Mimi nawapeleka kwanza kwenye miamba ya upande wa ziwa.

Pale juu ya jiwe lililopauka kwa kinyesi cha ndege utamkuta mnandi amesimama, mabawa ameyatandaza kama nguo kwenye kamba. Manyoya yake yanalowana anapozamia samaki, hivyo akitoka lazima ayaanike. Nawaambia wanafunzi wamtazame dakika nzima bila kusema neno. Kisha nawaambia kwamba huko Galápagos, kwenye visiwa vya Fernandina na Isabela, kuna mnandi wa ukoo huohuo asiyeweza kuruka. Mababu zake walifika wakiruka. Walikuta pwani yenye samaki tele na hakuna mnyama wa kuwakimbiza, na vizazi vilivyofuata mabawa yakapungua mpaka yakawa vipande visivyoweza kumbeba ndege. Huyu wa Saanane hawezi kujiruhusu hilo, maana analala hapa, kesho anavua kwingine, na hatari ziko kila upande. Mwanafunzi aliyemwona mnandi wetu akitandaza mabawa mapana vile hasahau tena maana ya kutengwa.

Kwenye mawe hayohayo kuna pimbi, na kuna mjusi ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la mji wetu: Agama mwanzae. Dume ana kichwa na kifua cha rangi ya waridi iliyokolea, mwili wa bluu, na hupenda kutikisa kichwa juu chini akiwa juani. Ukikaribia huhamia jiwe la pili na kukutazama.

Swala pala na tumbili wa De Brazza utakaowaona wao hawakuogelea kuja. Waliletwa na watu. Hapo mkono wa binadamu uko wazi, ila umepangiliwa na una walinzi. Kwa hilo Saanane inafanana zaidi na bustani iliyotunzwa kuliko kisiwa cha mbali, na mtu anayetafuta upweke wa msituni atachoka baada ya saa mbili. Mji unauona muda wote, na honi za daladala unazisikia upepo ukigeuka.

Hata hivyo, kama nia ni mageuko, Saanane ina kitu ambacho Rubondo haikizidi, nacho kiko chini ya boti.

Furu

Kila mtu aliyekulia kando ya ziwa hili anamjua furu: samaki mdogo wa vidole vitatu vinne, mwenye miiba mgongoni, anayeuzwa kwa fungu. Watu wengi humwona kama chakula cha asiye na pesa ya sato. Katika sayansi ya mageuko, furu wa Ziwa Victoria anatajwa pamoja na finchi wa Darwin, na kwa wingi wa spishi anawazidi kwa mbali sana. Finchi wa Galápagos ni spishi kama 13. Furu wa ziwa letu walihesabiwa kuwa zaidi ya 500, na ziwa lilikauka juzi tu kwa hesabu za dunia. Yaani wengi wao wametokea ndani ya miaka 15,000, kasi ambayo haijulikani kwa wanyama wengine wengi wenye uti wa mgongo.

Iliwezekanaje, wakati ziwa ni moja na maji yameungana? Fikiria ukiwa wewe ndiye furu wa miambani, yule ambaye Wasukuma humwita mbipi. Unakula kwenye mawe, unajificha katikati ya mawe, unataga hapohapo. Mbele yako kuna mita mia kadhaa za mchanga na tope, mahali pa wazi ambapo kila mkubwa anakuona. Huvuki. Lundo la mawe lililozungukwa na tope, kwako wewe, ni kisiwa kilichozungukwa na bahari. Ghuba ya Mwanza imejaa malundo ya namna hiyo.

Asubuhi moja nilikwenda na wanafunzi 12 kwenye mwalo wa Igombe. Mama mmoja alikuwa na beseni la furu wabichi. Binti mmoja akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama. Hawa ni samaki wa aina moja?" "Marahaba mwanangu. Wote hao furu." Tukanunua mafungu mawili, tukawatandaza juu ya turubai. Baada ya nusu saa walikuwa wametenga makundi 6, kwa meno, kwa umbo la taya, kwa mistari ya ubavuni. Mmoja alikuwa na taya fupi pana, na tulipompasua kooni tukakuta meno bapa ya kusagia konokono. Mwingine ana meno membamba kama kitana cha kukwangulia mwani. Yule mama aliacha wateja akaja kutazama. "Miaka yote nawauza," alisema, "sikuwahi kuwafungua mdomo."

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha furu wawili wanaoitwa Pundamilia kwa ajili ya mistari yao. Mmoja ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu mgongoni, na hukaa chini kidogo. Mwenzake ni Pundamilia pundamilia, dume la bluu linalokaa karibu na uso wa maji. Mwanga ukiingia kwenye maji ya ziwa letu, bluu humezwa mapema, na kadiri unavyoshuka kinachobaki ni wekundu na njano. Macho ya wa chini huona nyekundu vizuri, macho ya wa juu huona bluu. Jike huchagua dume kwa rangi anayoiona vyema. Kwa uchaguzi huo tu spishi mbili hukaa kwenye mwamba mmoja bila kuchanganyika.

Watafiti wakiongozwa na Ole Seehausen waliwalinganisha samaki hao kwenye visiwa kadhaa vya kwetu huku. Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, wekundu na wa bluu wako mbalimbali kabisa. Kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba ambako maji ni tope, mpaka umefutika. Wamezaliana hovyo na kubaki kundi moja la rangi za katikati. Jike hakuweza kuona.

Na maji yanachafuliwa na nani? Mbolea, udongo wa mashamba ya milimani, maji machafu ya mji yanayoteremka na Mto Mirongo. Mwani hunawiri, maji huwa kijani, mwanga hukatika. Hakuna aliyewavua wale furu wala kuwala. Tuliwazimia taa.

Hili mwanafunzi analipima mwenyewe kwa sahani nyeupe. Toboa matundu matatu, funga kamba yenye fundo kila sentimeta 20, funga jiwe chini yake, ishushe ubavuni mwa boti mpaka isionekane, hesabu mafundo. Tulipofanya hivyo karibu na mji, sahani ilipotea kabla fundo la nne halijalowana. Nyuma ya Saanane, upande wa maji ya wazi, ilikwenda mpaka wale wa mbele wakaanza kubishana kama bado inaonekana. Watoto walinyamaza wakitazama ile kamba.

Sangara naye sitamruka. Aliletwa ziwani kutoka maziwa mengine miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kwenye miaka ya 1980 akalipuka kwa wingi. Wataalamu wanakadiria spishi kama 200 za furu zilitoweka kwa sababu ya sangara, uchafuzi na uvuvi kwa pamoja. Ni kisa cha mbuzi wa Pinta, tofauti ikiwa kwamba mbuzi wale hawakusomesha mtu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sangara wa baba, na nusu ya darasa langu leo wanakula kwa sangara. Mbuzi wa Galápagos waliondolewa kwa bunduki na helikopta. Kisiwani Isabela kazi hiyo iliisha mwaka 2006 baada ya mbuzi zaidi ya laki moja. Sangara hatutamwondoa, na sidhani kama kuna mtu wa mwaloni anayetaka. Sato tunayempenda naye ni mgeni. Mwenyeji ni ngege, ambaye watoto wangu wengi hawajawahi kumwona sokoni.

Ila furu hawakuisha wote, na baadhi wamerudi wakiwa na mwili mwingine. Kuna mmoja wa Ghuba ya Mwanza, Haplochromis pyrrhocephalus, aliyepimwa kabla na baada ya sangara. Ndani ya miongo 2 matamvua yake, anayopumulia majini, yalikuwa yamepanuka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa hewa kwenye maji ilipungua. Nikifundisha ukame wa Daphne Major, siku inayofuata nafundisha matamvua ya furu huyu.

Rubondo: safina msituni

Rubondo haiendeki kwa siku moja, labda uwe na pesa ya ndege ndogo. Kwa barabara unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko, kisha unapita Geita hadi mwambao wa Chato na kupanda boti. Ondoka alfajiri. Alasiri upepo ukianza, ziwa hubadilika. Mwaka mmoja tulichelewa kwa sababu boti tuliyokodi ilikuwa haijajazwa mafuta, tukavuka jioni mawimbi yakiingia ndani na mwenzetu mmoja akisali kwa sauti. Tangu hapo nakagua tangi mwenyewe na sikubali kupanda bila jaketi la kila mtu.

Ukishafika, unaelewa kwa nini watu huenda. Kisiwa kina karibu kilometa za mraba 240 za ardhi, na sehemu kubwa yake ni msitu ambao haujakatwa. Furukombe wanaitana tangu kabla ya jua. Jioni viboko hutoka, na fisi maji hucheza karibu na gati.

Rubondo inafundisha kitu kimoja vizuri kuliko kisiwa chochote ninachokijua: kinachotokea watu wakiamua nani aishi kisiwani. Wakazi wake walihamishwa miaka ya 1960. Kisha Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, na Shirika la Zuolojia la Frankfurt wakaanza kuleta wanyama. Waliletwa twiga, mbega, faru weusi na korongo (yule swala mkubwa, si ndege), na miaka ya 1970 tembo. Nia ilikuwa njema: kuwapa wanyama mahali ambapo simba, chui na jangili hawapo. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa.

Matokeo hayakufuata mpango. Faru waliuawa wote na majangili. Korongo wakatoweka. Tembo walioletwa 6 wameongezeka mpaka watafiti wanaangalia miti itahimili vipi, na hapo nawakumbusha wanafunzi mbuzi watatu wa Pinta.

Sokwe ndio kisa chenyewe. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Baadhi walikuwa wamekaa kizuizini miaka mingi. Hawakufundishwa kitu. Walifunguliwa makasha ufukweni wakaachwa. Waliokuwa wakali kwa watu ilibidi wapigwe risasi, lakini waliobaki walijifunza upya kujenga viota juu ya miti na kutambua matunda ya kuliwa, wakazaa, na leo kuna wajukuu wasiojua kizimba ni nini. Mageuko ya mwili hapo hakuna. Miaka 60 kwa sokwe ni vizazi vichache tu. Unachoona ni tabia kubadilika, na hilo mwalimu alitenganishe vizuri, la sivyo watoto watarudi wakiamini kuwa mnyama akihamishwa anageuka spishi nyingine.

Mwenyeji wa kumtafuta ni nzohe, swala wa matete mwenye kwato ndefu zilizopanuka za kutembelea juu ya tope. Kwingine hukaa amejificha majini. Rubondo hutoka na kuingia msituni, kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kumfuata. Wasafiri wa Galápagos husimulia jinsi wanyama wa kule wasivyomwogopa mtu. Kwa nzohe wa Rubondo utaonja kidogo hali hiyo, ukitembea kimya nyuma ya askari wa hifadhi.

Vaa nguo ndefu za rangi hafifu. Mbung'o wapo, na bluu na nyeusi huwavuta. Kuwaona sokwe hakuna ahadi. Siku nyingine utatembea saa tano na kurudi na makelele yao tu.

Rusinga: volkano yenyewe

Rusinga iko upande wa Kenya, Kaunti ya Homa Bay, na imeunganishwa na Mbita kwa barabara. Kutoka Mwanza unapita Sirari, kwa hiyo kila mtu awe na hati ya kusafiria, na kwa kundi la wanafunzi makaratasi peke yake yanaweza kula mwezi.

Msitu haupo, na wanyama wakubwa hawapo. Kilichopo ni miamba ya volkano, ya kwanza ya kweli katika ulinganisho huu. Rusinga na jirani yake Mfangano ni mabaki ya ubavu wa Kisingiri, volkano iliyotapika majivu miaka kama milioni 18 iliyopita. Majivu yalifunika msitu mzima: majani, mbegu, visiki, na nyani wa kale wasio na mkia waliokuwa wakitembea juu ya matawi. Mwaka 1948 Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alipata pale fuvu la mmoja wao, aliyeitwa Proconsul, na dunia ikaanza kutazama Afrika Mashariki kwa jicho lingine juu ya asili ya nyani na binadamu.

Utatembea kwenye makorongo ya udongo wa kijivu na mwekundu, jua kali, ukitazama chini. Bila mwenyeji anayejua, hutaona kitu. Ukiona kipande cha mfupa usikiokote. Ni mali ya taifa la Kenya, na mfupa uliotolewa mahali pake hauna tena cha kumwambia mtafiti. Tena mweleze mtoto kwamba Rusinga haikuzaliwa ikiwa kisiwa kama Galápagos. Volkano ilikuwa nchi kavu, na maji yalikuja kuizunguka baadaye sana.

Nani aende wapi

Mwenye kundi la wanafunzi, basi la kukodi na siku moja, achague Saanane, na asione kwamba amepewa kitu cha bei rahisi. Kwa kidato cha nne ndicho chaguo langu la kwanza hata kama pesa ingekuwepo, kwa sababu mwanafunzi hatazami tu; anapima, anatenga, anafungua mdomo wa samaki, na anaona moshi na maji machafu ya mji wake mwenyewe upande wa pili. Rubondo atatazama kwa mbali kile wengine walichokifanya.

Mwenye familia, siku tatu au nne na hamu ya msitu, aende Rubondo. Mwanafunzi wa chuo anayesomea wanyamapori naye aende huko, maana maswali ya kuhamisha wanyama, nani atolewe ili nani aingie, yako wazi kuliko mahali pengine. Mtoto wa chini ya miaka 10 atateseka na matembezi, msubiri akue.

Rusinga namshauri mtu ambaye ameshaenda Saanane, anapenda mawe na mifupa, na ana mwenyeji upande ule. Kwa safari ya kwanza ya darasa, hapana.

Walimu wenzangu mtakaochagua Saanane, huu ndio mpangilio ninaoufuata. Saa 12 asubuhi mwaloni, wakati boti zinaingia. Nunueni fungu moja la furu kwa kila wanafunzi sita na mje na turubai, wembe na ndoo ya maji. Saa 3 sahani ya kwanza, karibu na mji. Kisha mwombeni nahodha azungukie nyuma ya kisiwa kwa sahani ya pili kabla ya kutia nanga. Baada ya hapo miamba, mnandi na mjusi, huku jua likiwa bado halijachoma. Chakula chini ya miti. Vizimba viwe vya mwisho kabisa, saa 8 au 9, maana wakianza na simba hakuna atakayetaka kushika kamba ya sahani.